Nairobi ikigombana na Mogadishu, Laare ndiyo huumia

Kijana wa Laare, unajua miraa haingoji: ukichuma leo, keshokutwa imenyauka. Somalia ilifunga soko Machi 2020, kisha Desemba ikavunja uhusiano ikidai Kenya inaingilia mambo yake ya ndani. Nani aliumia? Si mabalozi. Ni mchumaji, mfunga vibunda na dereva wa Hilux. Ndege zilirudi Julai 2022. Miaka miwili na ushee, jameni!

Tuwaulize viongozi: kabla ya kukorofishana na jirani, mlihesabu hasara yetu? Nawe, usitegemee mti mmoja. Shamba likikubali, panda kahawa pia. Ikikaushwa vizuri, hungoja ghalani. Tena utafiti umeihusisha na kupungua kwa hatari ya kisukari cha aina ya pili. Ila ukizidisha vikombe, usingizi utakuhepa.