Diski Iliyofomatiwa: Kweli au Si Kweli?

Jenereta imezimika kazi ikiendelea. Umeme unaporudi, kompyuta inauliza kwa Kifaransa kama unataka kufomati diski. Mtu aliyechoka anabofya "Oui", na picha za harusi za mwaka mzima au majina ya wanafunzi wa shule nzima hayaonekani tena. Huku Kasongo na Kabambare, ambako wengi tunategemea sola na jenereta, jambo hili linatuuma. Linauma zaidi pale ushauri wa haraka unapoharibu kile ambacho fomati ilikibakiza. Tuupime ushauri huo.

"Ukishafomati, kila kitu kimefutika."
SI KWELI, mara nyingi. Fomati ya haraka huweka orodha mpya, tupu, ya mafaili. Daftari la mashamba ya kijiji likiungua, mihogo haing'oki. Iko ardhini palepale. Kilichopotea ni maandishi ya kuonyesha shamba lipi ni la nani. Hasara yenyewe huja mtu mwingine akigawiwa shamba hilo na kuanza kulima.

"Endelea na kazi, mafaili utayatafuta baadaye."
SI KWELI. Kila faili jipya unaloweka linaweza kukaa juu ya la zamani, na lililofunikwa halirudi. Kama ni flashi, ichomoe. Kama ni sehemu D ya diski, usihifadhi wala usisakinishe chochote humo. Na unachookoa kiweke kwenye diski nyingine kabisa.

"Fomati zote ni sawa."
SI KWELI. Kwenye Windows XP, hata fomati kamili ilikagua tu sehemu mbovu za diski. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, fomati kamili huandika sifuri kila mahali. Hapo shamba limelimwa lote.

"Diski ya SSD ni ya kisasa, kuokoa ni rahisi zaidi."
SI KWELI. Kompyuta nyingi huipelekea SSD amri iitwayo TRIM, inayoiambia kwamba nafasi fulani haina mwenyewe tena. Diski huisafisha yenyewe, hata kama hukuandika kitu. Diski ya zamani inayozunguka, na flashi nyingi za kawaida, huacha matumaini makubwa zaidi.

"Lazima ununue programu ya bei kubwa."
SI KWELI. TestDisk na PhotoRec, za Mfaransa Christophe Grenier, ni za bure, na ni ndogo kiasi kwamba anayetoka Kindu anaweza kukuletea kwenye flashi. TestDisk hutafuta sehemu ya diski iliyopotea na kujaribu kuirudisha. PhotoRec haijali orodha. Hupita diski yote ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Ujue tu kwamba picha zitarudi bila majina yake, na faili lililotawanyika vipande huenda likarudi limevunjika.

"Diski inayogongagonga ndani isichezewe."
KWELI. Huo ni ugonjwa wa mwili wa diski, na programu haiutibu. Kila ukiiwasha, unaweza kuizidishia majeraha. Izime, uitunze mpaka ifike kwa mtaalamu mwenye vifaa vya kuifungua.

"Kompyuta ikidai fomati, hakuna njia nyingine."
SI KWELI, na hili ndilo ningependa kila mwenye kibanda cha kuchapa alikumbuke. Ujumbe ule unasema tu kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha. Mihogo huenda bado iko ardhini, na daftari lenyewe huenda limelowa tu, halijaungua. Bofya "Non", chomoa, kisha tafuta TestDisk. Fomati inaweza kungoja hadi kesho.