Miaka 5 jela haikutosha kuzima baruti pwani

SAMAKI wa baruti hujulikana mnadani: nyama ni laini, mifupa imevunjika na huharibika upesi. Lakini mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mlingotini au Kunduchi ana hasara kubwa zaidi. Matumbawe yanayosambaratishwa na mlipuko ndiyo mazalia na malisho ya samaki, na huchukua miaka mingi kurudi. Mvuvi wa baruti huondoka na faida; hasara huwabakia wenye ngalawa, wachuuzi na kina mama wakaanga samaki.

Hapo ndipo wachumi wanapoanzia hoja yao. Kwao adhabu si kisasi, bali ni njia ya kumbebesha mkosaji gharama aliyowatupia wenzake, ili kosa lisimlipe. Gary Becker wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliandika mwaka 1968 kuwa mtu hulinganisha faida ya kosa na mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa anayevua kwa baruti. Hata hivyo, uchunguzi wa sauti chini ya maji katika pwani ya Tanzania mwaka 2015 ulithibitisha milipuko 318 katika saa 231 za kusikiliza. Asilimia 62 hivi ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, eneo ambalo Bagamoyo imo.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Safari moja ya baruti inaleta faida ya sh. 50,000, na miaka 5 jela ni sawa na kupoteza kipato cha sh. 6,000,000. Kama mvuvi hukamatwa mara moja katika safari 1,000, adhabu inamgharimu sh. 6,000 kwa safari. Biashara inalipa. Kifungo kikifanywa miaka 10, gharama inakuwa sh. 12,000, bado inalipa. Lakini kifungo kikibaki miaka 5 na akakamatwa mara moja katika safari 100, gharama inafika sh. 60,000. Hapo mwenye kujua hesabu anatia nanga.

Tatizo ni kwamba kuongeza miaka kwenye karatasi ni rahisi, wakati doria inataka boti, mafuta na wapelelezi. Tena adhabu kali mno ina gharama zake: mfungwa hulishwa kwa kodi, na jirani husita kumtaja mwenzake.

Mwaka 2015 serikali iliunda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali, na katika miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana. Wanunuzi nao wana sehemu yao: kila samaki wa baruti anayekataliwa mnadani hupunguza ile faida ya sh. 50,000, bila kumjaza mtu jela.