Gitaa moja, amplifaya mbili: gawanya sauti, usikate ethi

Wapiga gitaa wa kwaya na bendi, kuanzia Mnyambe hadi Masasi mjini, hupenda gitaa moja lisikike kwenye amplifaya mbili: moja upande huu wa uwanja, nyingine upande wa pili. Fundi redio wa kijijini anaweza kutengeneza pedali ya kugawa sauti hiyo. Lakini kazi hii ina mtego unaoweza kuua, ndiyo maana tunaieleza.

Kwa nini tusiunge waya mbili tu?

Ukiunga hivyo sauti itatoka, ila umeme wa gitaa ni mdogo mno. Likibebeshwa mizigo miwili na waya mrefu, sauti kali za juu hufifia. Dawa ni aisi ya TL072 inayotumia betri ya volti 9. Ndani yake mna vikuza sauti viwili, kila kimoja kikilisha amplifaya yake. Pale gitaa linapoingia tunaweka rezista ya megaomu 1, ili gitaa lisielemewe.

Mngurumo unatoka wapi?

Kila amplifaya ina waya wa ethi unaorudi ukutani. Pedali inapoziunganisha, neti ya nje ya waya wa gitaa huzifunga pamoja kwa njia ya pili. Tayari ni kitanzi. Umeme wetu wa volti 230 hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na mkondo mdogo unaozunguka humo ndio tunaousikia ukinguruma.

Hapo wengine hukata waya wa kijani na njano kwenye plagi. Mngurumo huisha, lakini kinga nayo imekwenda. Waya wa moto ukigusa bodi ya amplifaya hiyo, kilichobaki ni ile neti nyembamba ya waya wa gitaa, inayoweza kuungua au kuchomoka. Nyuzi za gitaa zikishapata umeme, mpigaji akigusa maikrofoni yenye ethi, mkondo hupita mwilini mwake. Ethi mbovu si jambo la mzaha: mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey alifia jukwaani baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi.

Kata kitanzi ndani ya pedali

Tokeo la kwanza liende moja kwa moja. La pili lipite kwenye transfoma ndogo ya sauti, yenye kiloomu 10 kila upande. Ile ya chaja haifai. Sauti huvuka kwa nguvu ya sumaku, bila waya za pande mbili kugusana. Jeki ya tokeo hili iwe ya plastiki. Ikigusa kasha la chuma, kitanzi kimerudi.

Ukiwasha amplifaya zote mbili na besi ikapotea, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Badilisha nafasi za waya mbili za transfoma upande wa kutokea.

Kabla ya onyesho, chomoa plagi, kisha pima kwa mita kutoka pini ndefu ya plagi hadi bodi ya chuma ya amplifaya. Mita isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, amplifaya hiyo isiwashwe mpaka fundi airekebishe. Na kama jengo lenyewe halina ethi, mwite fundi umeme kwanza. Afadhali gitaa lingurume usiku kucha, mpigaji arudi nyumbani.