Kadi za Nyimbo kwa Watoto Wasiosema

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo ambalo huenda wengi wenu hamjapata kulisikia, nalo ni utengenezaji wa kadi za picha zinazotumiwa katika vipindi vya muziki kwa watoto wasioweza kusema. Sikulisoma kitabuni. Nililijua kwa sababu ya ndugu yangu mdogo.

Ndugu yangu ana umri wa miaka minane na ana usonji. Anasikia vizuri, anakimbia kuliko mimi, tena anapenda maji kupindukia, lakini hasemi neno. Nakiri mbele yenu, ingawa ni aibu, kwamba nilipokuwa kidato cha kwanza nilikuwa nikimpeleka chumba cha nyuma kila wenzangu walipokuja kwetu. Nilidhani hana la kusema. Wahenga walisema kweli kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza.

Sasa, tiba ya muziki ni nini? Si kumfundisha mtoto kuimba vizuri ili apate zawadi mashindanoni. Ni kuutumia muziki kwa makusudi ili mtoto ajifunze kungoja zamu yake, kumtazama mwenzake, kutulia, au kuonyesha anachotaka. Huko Uingereza mwaka wa 1959, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, Paul Nordoff, na mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum, Clive Robbins, walianza kuifanya kazi hii pamoja, na njia yao ikaenea nchi nyingi. Hapa kwetu waliosomea tiba hiyo ni wachache. Mara nyingi ni walimu wa elimu maalum wanaotumia nyimbo darasani. Ndugu yangu yuko katika kitengo maalum cha shule moja ya msingi hapa Nakuru, na mwalimu wake huwa na kipindi cha nyimbo kila siku kabla ya uji.

Huenda mtauliza, picha zinaingiaje katika nyimbo? Wimbo hupita. Ukishaimbwa haupo tena, na mtoto asiyesema hawezi kuuita urudi. Picha hubaki mahali pake, anaweza kuishika na kukupa. Mwaka wa 1985 huko Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha njia ya kumfundisha mtoto kumkabidhi mtu picha ya kitu anachokitaka. Kadi za nyimbo hufuata wazo hilohilo.

Lakini msidhani kwamba mambo haya ni ya kigeni tu. Wagikuyu walikuwa na gicandi, kibuyu chenye mbegu ndani ambacho mwimbaji alikitikisa huku akiimba na kujibizana na mpinzani wake kwa mafumbo. Kibuyu hicho kilichorwa alama, na alama hizo zilimwongoza mwimbaji katika utungo wake. Profesa Kimani Njogu, ambaye wanafunzi wa fasihi tunalifahamu jina lake, ameandika juu ya sanaa hiyo. Kumbe wimbo na picha vilijuana zamani!

Mimi nilianza kutengeneza kadi kwa sababu ya likizo moja ya Aprili. Muhula ulipofungwa, kadi za ndugu yangu zilibaki kabatini shuleni. Hakuna aliyekusudia mabaya, walisahau tu. Lakini nyumbani alikuwa akija mbele yangu, ananyoosha mkono mtupu, ananitazama. Nikimpa chai, anakataa. Nikimpa mpira, anautupa. Mwisho anajigonga kichwa ukutani. Majuma matatu yalipita hivyo. Kinywa chake kilikuwa kimefungiwa kabatini nasi hatukujua.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wake jioni, maana sisi wa shule za kutwa tuna nafasi hiyo, akanionyesha kazi inavyofanywa. Nami nawaeleza.

Kwanza, tafuta katoni ngumu. Madukani hutupwa bure. Kata vipande vya mraba, sentimita kumi kwa kumi, na ubandike karatasi nyeupe juu yake.

Pili, chora kitu kimoja tu katika kila kadi, kwa wino mweusi mzito. Hapa nilikosea. Mimi hujiona fundi wa kuchora, basi nilichora ngoma yenye rangi saba, na nyuma yake mlima Menengai na ndege wa ziwani. Ndugu yangu aliisugua rangi kwa kidole, basi. Ngoma hakuiona. Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, hii si ya kupamba ukuta. Ni neno. Neno liwe wazi."

Tatu, mtoto asipoelewa mchoro, anza na kitu chenyewe. Tulianza kwa kumpa kijiti cha kupigia debe kila kabla ya wimbo wa ngoma. Baadaye tukatumia picha ya kijiti hicho iliyopigwa kwa simu, na mwishowe mchoro.

Nne, funika kadi yote kwa selotepu pana, kwa maana itatiwa mate, uji na machozi.

Tano, tundika kamba ukutani, uzibane kadi kwa vibanio vya nguo kwa utaratibu wa kipindi: wimbo wa salamu, wimbo wa ngoma, wimbo wa kuchagua, wimbo wa kutulia, wimbo wa kwaheri. Wimbo ukiisha, mtoto mwenyewe anaibandua kadi na kuitia koponi. Hivyo anajua kilichopita na kinachokuja. Watoto wengi wenye usonji husumbuka sana wasipojua kinachofuata.

Sita, wakati wa kuchagua, mwonyeshe kadi mbili tu, kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sisi wenye maneno hatuwezi kungoja.

Nilipomaliza kadi zangu sita za nyimbo niliona nimefika. Mwalimu alizitazama akauliza, "Na akitaka mnyamaze, atawaambiaje?" Sikuwa na jibu. Nikachora kadi ya saba: kiganja kilichoinuliwa. Chini yake nikaandika SITAKI.

Mwalimu alimzoeza siku kadhaa: akiitoa kadi hiyo, kila kitu kinasimama papo hapo. Nasi nyumbani tukaitundika karibu na mahali pa kuogea. Mama alikuwa na wimbo wake wa kumwogesha, anaimba huku akipiga makofi, na kila jioni ndugu yangu alikuwa akilia mpaka majirani wanauliza. Tulisema anaogopa sabuni. Jioni moja alitoka mbio na povu mwilini, akachomoa ile kadi ya kiganja, akamtilia Mama mkononi. Mama akanyamaza na makofi yakakoma. Ndugu yangu akarudi kwenye beseni, akaketi, akachezea maji kimya. Kumbe ni yale makofi yaliyokuwa yakimuumiza masikio! Miaka yote hiyo alikuwa akituambia nasi tukimwimbia kwa sauti zaidi. Mama aliniambia, "Mwanangu, leo ndugu yako amenikanya," akacheka huku akipangusa macho.

Kwa hivyo, anayetaka kutengeneza kadi aanze na hiyo. Mtoto anayeweza kusema ndiyo tu bado hajapewa sauti.

Aidha, kadi ni za kushirikiana, lakini kwa utaratibu. Zitengenezwe seti mbili zinazofanana, moja ya shule na moja ya nyumbani. Nyuma ya kila kadi liandikwe neno linalotumiwa, lisiwe "ngoma" kwa mwalimu na "debe" kwa mama. Na wimbo wenyewe urekodiwe kwa simu, kwa maana kadi bila wimbo wake ni kama ufunguo bila kufuli. Tena picha zitoke kwetu. Kitengo kiliwahi kupewa kadi nzuri zilizochapishwa ng'ambo, zenye theluji na watu wa theluji. Watoto walizipanga kama matofali wakajenga nyumba.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breili na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Nionavyo mimi, kipande cha katoni ni mojawapo ya njia hizo.

Ombi langu kwa Chama cha Kiswahili ni hili. Tunasoma bembelezi na nyimbo za watoto katika fasihi simulizi, tunazichambua, tunapata alama, halafu tunafunga daftari. Hebu muhula ujao tukutane Ijumaa mbili baada ya masomo, tutengeneze seti za watoto wote wa kile kitengo ili kila mmoja aende na zake nyumbani likizo ikifika. Njooni kwetu mchukue mifano. Chumba cha nyuma hakifungwi tena. Ila niwaonye mapema: mkiimba vibaya, mtapewa kadi ya kiganja.