Vakansi ku Kisale: bwato ya kulala ndani inachaguliwa namna gani?

Lualaba inapita karibu na Kolwezi, lakini hakuna anayepanda bwato hapa na kuteremka nayo mpaka ziwa Kisale. Makorongo ya Nzilo yanakata njia, na tangu miaka ya 1950 kuna pia mabaraji ya umeme ya Nzilo na Nseke. Msafiri anapitia kwanza Tenke, kisha Bukama. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na ni pale mto unaanza kubeba mabwato: zaidi ya kilomita 600, mpaka Kongolo.

Toka Bukama, safari si ya saa moja. Familia inayopeleka watoto vakansi kwa wazee inalala ndani ya balenieri: bwato ndefu ya mbao na moteri, mizigo chini, watu juu ya magunia. Huko Kisale kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na wavuvi wamejenga nyumba juu yake. Mtoto aliyezoea vumbi ya makarieri atashangaa sana. (Asizamie kwenye maji bila kuuliza wenyeji: mamba na viboko iko.)

Pale bandarini watu wanauliza kwanza bei. Bei ingefaa kuulizwa mwisho.

Cha kwanza ni kuangalia bwato toka pembeni, mizigo ikiisha kupakiwa: mbao ngapi zimebaki juu ya maji? Kama maji yanakaribia ukingo na mto umetulia, wimbi la ziwani litaingia ndani. Tena kuna hila moja ya zamani: abiria wanapanda, kisha magunia mengine yanaongezwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 bwato MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiona toka pwani. Ilijaa kupita kiasi. Makumi walikufa, na hesabu zilitofautiana. Ndiyo maana jina la kila mtu, hata la mtoto wa mgongoni, linapaswa kuandikwa kwenye liste kabla ya kuondoka. Asiyeandikwa, nani atamtafuta?

Halafu moto. Kwenye safari ya siku nyingi watu wanapika, na mara nyingi mbabula inawekwa karibu na bidoni za esanse, juu ya kukosa nafasi. Aprili 2025, karibu na Mbandaka, bwato HB Kongolo iliwaka moto. Komiseri wa mto alisema ulianzia kwa mtu aliyekuwa akipika. Zaidi ya watu mia moja walikufa, baadhi yao wakiruka majini bila kujua kuogelea. Bwato nzuri inapika nyuma, mbali na mafuta, na ndoo ya mchanga iko karibu.

Usiku ndio unapima kapiteni. Hata mabwato ya watalii wenye dola, wanaolala baharini ili wazamie kutazama samaki, yanaanguka hapo. Septemba 2019, kule California, bwato Conception iliwaka usiku na watu 34 wakafa, wote waliokuwa wamelala chini. Hakuna aliyekuwa akikesha. Mwaka 2023 kapiteni wake alihukumiwa kuwa na hatia. Kwa hiyo swali ni hili: « Kapiteni, usiku tunafunga wapi? » Anayejibu kwa jina la kijiji ni bora kuliko anayesema atatembea tu. Sana sana mwezi wa saba na wa nane, maji yakipungua, mchanga unajitokeza katikati ya mto na gizani hauonekani.

Jile ya kuokoa iwe mwilini, isiwe kichwani kama mto wa kulalia. Ya mtoto iwe ya kipimo chake. Kapiteni akikasirikia maswali haya, familia ingoje bwato ya kesho. Pale Bukama, kungoja ni gharama ya chakula cha siku moja ao mbili.