Hesabu ya Merv na Mawe ya Kalenga

Msomaji wa Tukuyu akikutana na habari za Wamongolia kubomoa miji ya Uajemi, hukosa pa kuzilinganishia. Hapa Rungwe Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika, nyumba zikiwa katikati ya migomba. Ukuta wa kuzingirwa haukuwapo. Boma la mjini ni la Wajerumani wenyewe, enzi zile Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg. Kwa hiyo tupande gari twende Kalenga, Iringa.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Mkwawa aliwavizia Wajerumani njiani akawashinda. Kamanda wao, Zelewski, akauawa. Halafu, jamani, akaja kutegemea ukuta! Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele likaivamia Kalenga na kuiteka. Mkwawa akatoroka, akaendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898.

Wamongolia nao walikuwa na mafundi wa Kichina wa mitambo ya kurusha mawe, na mateka waliosukumwa mbele wajaze mahandaki. Merv na Nishapur zilianguka mwaka 1221. Lakini sisi wahakiki swali letu ni jingine: nani anasimulia?

Msimulizi mkuu wa maafa hayo, Juvayni, alizaliwa 1226 na alikula mshahara wa Wamongolia haohao. Anaandika kwamba pale Merv maiti zilihesabiwa siku kumi na tatu, usiku na mchana, zikapita milioni moja na laki tatu. Wanahistoria wengi wanaikataa idadi hiyo, na haki wanayo. Ila kwa maoni yangu wanaisoma kama daftari la karani. Hiyo ni chuku, tena chuku ya kilio: mtu asiyeweza kumlaani bwana wake ataongeza sifuri.

Kalenga haikupata Juvayni wake. Jirani yake upo mlima uitwao Tosamaganga, na wenyeji husimulia kwamba maana yake ni kutupa mawe, kwani ndiko mizinga ilikopigia. Kombora kuitwa jiwe! Sitiari hiyo haikungoja mwandishi.

Tamthiliya ya Mulokozi, *Mukwava wa Uhehe*, ilitoka 1979, miaka 85 baada ya ukuta kuvunjwa. Muda wote huo habari za Kalenga zilitunzwa na nani? Ripoti za Wajerumani zilikuwapo, sawa. Na wazee wa Kihehe, na ule mlima.