Kutunza wazee: huruma pekee haitoshi

Katika mtaa wa Jabe, jijini Bujumbura, kama katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, mzee asiyejiweza hutunzwa nyumbani na binti, mjukuu, mkaza mwana au mtumishi. Waliokosa jamaa hutegemea makao ya wazee, mfano wa yale ya Sebleni na Welezo yanayoendeshwa na serikali huko Zanzibar. Popote alipo, anayemwosha na kumlisha mzee aghalabu ana huruma, lakini huenda hajafundishwa kazi hiyo. Pengo hilo linaweza kugharimu maisha.

Somo la kwanza ni namna ya kumlaza. Mzee asiyeweza kujigeuza akiachwa upande mmoja kwa saa nyingi, damu haifiki vizuri kwenye ngozi ya nyonga, matako na visigino. Ngozi hubadilika rangi, kisha huwa kidonda, na maambukizi yake yanaweza kuenea mwilini. Msaidizi aliyefunzwa humgeuza takriban kila baada ya saa mbili, hukagua ngozi, na humwita muuguzi aonapo dalili ya kwanza.

Somo la pili ni kulisha. Chakula anacholishwa mtu aliyelala chaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Hivyo mzee huketishwa wima, hulishwa kidogo kidogo, wala halazwi mara tu amalizapo. Hupewa maji pasipo kungoja ayaombe, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua uzeeni.

Somo la tatu ni heshima: kubisha hodi, kumweleza mzee kabla ya kumgusa, kumsitiri anapooshwa. Anayerudia swali moja mara kumi hagombezwi. Huenda ni maradhi ya ubongo, si ukaidi wala uchawi.

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inazitaka nchi wanachama wake zihakikishe kwamba huduma katika makao ya wazee inafikia viwango vilivyowekwa. Viwango hivyo havitafikiwa bila wasaidizi waliofunzwa.

Kwa familia yenye mzee kitandani, hatua ya kwanza haihitaji kungoja sheria: ni kumwomba muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu aonyeshe, kwa vitendo, namna ya kumgeuza, kumwinua na kumlisha.